UKIFUNGUA NDOO NA KUFUNGA UPYA, MAELEKEZO YANABAKI KWAKO

Wafanyabiashara wenzangu, leo naomba niseme jambo ambalo lilinipotezea mteja.

Mimi nauza vitu vya akwaria mtandaoni, nipo Dar. Chumvi ya matangi ya samaki wa baharini naagiza ndoo kubwa, halafu nafunga pakiti za kilo moja moja. Wateja wangu wengi wako bara, hawana bahari karibu. Mmoja wa Dodoma aliniuliza, "Dada, hii naweka kiasi gani?" Siku hiyo oda zilikuwa nyingi, nikajibu fasta: "Kilo moja kwa dumu la lita 20."

Akafanya hivyo hivyo. Akabadilisha karibu nusu ya maji ya tangi lake jioni ile ile. Asubuhi akanitumia picha, samaki wake wawili wamekufa. Mimi nikamjibu kwamba maji ya bomba lake ndiyo mabaya.

Usiku nikapiga hesabu, nikaona aibu. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Chumvi nyingi za akwaria zinataka gramu 36 hadi 39 kwa lita, kwa sababu zenyewe zina maji kidogo ndani yake. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni gramu 720 hadi 780. Mimi nilimwambia aweke 1,000! Kosa lilikuwa langu, wala si la bomba.

Najua kuna wanaosema mteja atatafuta video mwenyewe. Mimi sikubali. Ndoo ya kiwandani ina maelekezo ubavuni. Ukiifungua ukagawa kilo kilo, maelekezo yamebaki stoo kwako, na mteja hana pa kusoma. Umemuuzia nusu ya bidhaa kwa bei kamili.

Sasa hivi kila pakiti yangu inatoka na karatasi hii:

1. Tumia maji yasiyo na klorini. Yaliyochujwa kwa mashine ya RO ndiyo bora.
2. Weka maji kwanza, kisha mimina chumvi kidogo kidogo huku pampu ndogo ikiyazungusha. Ukianza na chumvi ukamwagia maji juu, yanaweza kuwa meupe kama chokaa, na kalsiamu ikaganda chini.
3. Changanyia kwenye ndoo ya pembeni, kamwe siyo ndani ya tangi lenye samaki. Acha maji yazunguke mpaka kesho yake.
4. Pima kwa refraktomita mpaka usome 35. Hakikisha joto linalingana na la tangi, kama nyuzi 25.
5. Maji ya tangi yakipungua kwa kukauka, ongeza maji yasiyo na chumvi. Yanayokauka ni maji tu, chumvi inabaki.

Na upande wangu nimebadilika pia. Kabla ya kugawa naiviringisha ndoo vizuri, kwa sababu safarini chenga ndogo hushuka chini na kubwa hubaki juu, na pakiti haziwi sawa. Napima kwa mizani, siyo kikombe. Nafunga kwa kubana, maana hewa ya Dar ina unyevu na chumvi hii huuvuta ikawa mabonge. Na akija mtu anataka "ya bei rahisi", simpi chumvi ya kupikia. Hiyo haina kalsiamu na magnesiamu ambazo viumbe wa baharini wanazihitaji.

Karatasi moja ni gharama ndogo sana. Inanichukua dakika tano kukata na kuingiza kwenye pakiti, na maswali ya inboksi yamepungua.

Yule mteja wa Dodoma nilimpigia simu nikamwambia ukweli, nikamrudishia pesa ya chumvi na ya samaki. Alishukuru, lakini hajanunua tena kwangu. Simlaumu.

Na wewe unayegawa reja reja mbolea, dawa ya mifugo au sabuni ya kuzimua, maelekezo ya mteja wako yako wapi? Ndani ya pakiti, au yamebaki kwenye ndoo stoo? Tuambie hapa chini, tujifunze wote.