BOMBA LA MOSHI LAPIMWA, HALIKISIWI



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, yaani ekzosi ya pikapu. Tumeletewa jambo hili na madereva, na mafundi wa gereji pia, na kila mmoja amlaumu mwenzake. Dereva asema fundi ameharibu gari. Fundi asema alifuata amri ya mwenye gari. Sisi twaona kosa ni la yule ambaye hakuja kuulizwa.

Matajiri hawa ni wa namna mbili. Mmoja ataka bomba la inchi 3, maana ameambiwa gari litapata nguvu na kunguruma kama la mashindano. Mwingine ataka kipande chochote kilichobaki gerejini, kwa kuwa ni rahisi. Wote wawili hawakupima kitu.

Tuchukue pikapu ya petroli isiyo na turbo, silinda nne, injini ya lita 2 au zaidi kidogo. Bomba la inchi 2 mpaka 2¼ latosha. Ukiweka la inchi 3 mahali pa la inchi 2, nafasi ya ndani haiongezeki kwa nusu tu. Huwa mara mbili na robo. Moshi hupoteza mwendo humo, na gari hulegea katika mwendo mdogo, pale pale linapopanda mlima na mzigo. Dizeli yenye turbo ni habari nyingine. Hiyo hupenda njia pana, inchi 2½ au hata 3, maana moshi ukizuiliwa nyuma turbo haizunguki vizuri na joto huzidi. Na mdomo wa silensa usiwe mwembamba kuliko bomba. Kazi yote ni bure pia ikiwa bomba limebonyea kwenye kona. (Mafundi wa zamani walijaza mchanga mkavu kabla ya kupasha moto na kukunja. Vijana, msione haya kuwauliza.)

Lakini lililotufanya tuandike ni mahali bomba linapoishia. Nyuma ya pikapu huketi taniboi na vibarua. Bomba likikatwa fupi ili kuokoa futi mbili za chuma, moshi hutokea chini yao, na hewa iliyo nyuma ya gari linalokwenda huuvuta mpaka ndani ya turubai. Mna gesi ya kaboni monoksaidi humo, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa na kusinzia, kisha huitwa mvivu. Tena mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Masizi meusi kwenye maungio, chini ya kebini, ni alama ya moshi unaovuja. Arifuni siku hiyo hiyo.

Madereva, ekzosi ikibadilishwa, mwombeni fundi aandike kwenye risiti upana wa bomba, upana wa mdomo wa silensa, na mahali bomba linapoishia. Mafundi, nanyi msikatae kuandika. Ikiwa mwenye gari ndiye aliyeamuru likatwe, liandikeni hilo pia. Nakala moja apewe mwakilishi wa tawi.