Umeme kichwani: Bongo tusisubiri makombo

Boom halijatoka na UE inanukia, lakini hayo leo nayaweka kando. Wiki nzima pale vimbwetani tumebishana kuhusu utafiti wa kupitisha umeme kichwani bila kupasua fuvu. Kuna hoja tatu zimenikera kweli kweli, nazijibu moja moja. Anayepinga aje na hoja, sio matusi.

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani. Ni sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, nyaya mbili na kiboksi cha betri. Unavalishwa kichwani, unapitishiwa miliampia 1 au 2 kwa dakika kama 20, basi. Kitaa kidogo cha LED kinakula kama miliampia 20, kwa hiyo pima mwenyewe. Umeme huo hauilazimishi seli ya ubongo kufanya kazi, unaisogeza tu iwe nyepesi kuwaka au nzito. Mwaka 2000 Nitsche na Paulus, kule Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba badiliko hilo linabaki kwa muda hata baada ya kuzima mashine. Wataalamu wanaiita tDCS. Sio ile shoti ya wagonjwa wa akili inayoleta kifafa cha makusudi mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Ile ni mamia ya miliampia, msichanganye mambo.

Hoja ya kwanza: "Tumalize malaria kwanza, hayo ni mambo ya Wazungu." Jamani! Kati ya 2003 na 2006 ulifanyika utafiti wa kiharusi hapa hapa nchini, wilayani Hai na Dar. Ukilinganisha umri sawasawa, Hai walipata wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar? 315.9! Sasa kwetu Msimbu, Kisarawe, tunapakana na hiyo Dar. Mzee akipooza mkono kule, nani anamfanyisha mazoezi mpaka vidole vishike kijiko au jembe? Ni mjukuu na mafuta ya nazi. Na kurudisha mkono uliopooza ni moja ya kazi ambazo umeme huu unajaribiwa sana duniani, pamoja na mazoezi. Majibu bado yanagongana, nakubali. Lakini ndiyo maana ya utafiti, au vipi? Kiboksi cha betri na sponji sio MRI, hakihitaji jengo la mabilioni. Tukisema hakituhusu, tutakuja kuuziwa kikiwa kimeshapimwa kwenye vichwa vya watu wengine.

Na vichwa ni tofauti, sio utani. Mwaka 2010 Henrich na wenzake walionyesha kuwa asilimia 96 ya watu waliopimwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Halafu kuna nywele! Vifaa vya kichwani vilitengenezwa kwa nywele laini. Dada mwenye rasta au nywele nzito anaambiwa "wewe hutufai" na anaachwa nje ya utafiti. Mpaka ikafika 2020 ndipo Arnelle Etienne na wenzake wa Carnegie Mellon, Marekani, wakaonyesha elektrodi za kupima ubongo zinazokaa kwenye mistari ya twende kilioni. Twende kilioni, wadau! Kitu ambacho msusi yeyote wa Kisarawe angewaelekeza kwa nusu saa.

Hoja ya pili: "Wanakijiji hawatakubali, watasema mumiani." Hii ndiyo inaniudhi zaidi kwa sababu inasemwa kwa dharau. Hofu ya mumiani ilienea enzi za mkoloni. Mtu anayeuliza "mnapeleka wapi hiki mnachochukua?" sio mjinga, ameuliza swali ambalo kamati ya maadili inapaswa kuuliza. Mjibu! Mwambie kwa Kiswahili kwamba kutawasha, ngozi inaweza kuwa nyekundu, kichwa kinaweza kuuma. Mwambie pia kuna kundi la geresha: mashine inawashwa sekunde chache, inazimwa kimya kimya, ili ijulikane kama nafuu ni ya umeme au ya imani. Ukimficha hilo, wewe ndiye mumiani.

Hoja ya tatu, ya washkaji wa UE: "Tuchukue betri ya volti 9, tujiunganishie, msuli upande." Acheni! Mwaka 2016 watafiti 39 wa fani hii walitia saini barua ya kuwaonya wanaojifanyia nyumbani. Na mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyopima maiti, ikaonekana kama robo tatu ya umeme inaishia kwenye ngozi na fuvu. Unachoweza kupata kwa uhakika ni kuungua ngozi. Desa litakungoja pale pale.

Mnaosema nchi kama yetu haiwezi, tazameni Brazil. Mwaka 2017 walipima wagonjwa 245 wa sonona. Umeme ulishinda geresha, lakini haukuthibitika kuwa sawa na kidonge. Mwaka 2023 Ujerumani walipima 160 ambao tayari walikuwa wanatumia dawa, hawakuona tofauti na geresha. Hakuna aliyeficha majibu. Huo ndio utafiti ninaoutaka hapa.

Kwa hiyo msimamo wangu: uje, na upitie NIMR kama tafiti nyingine za tiba. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili kinachoeleweka Msimbu, sio cha kamusi. Mwenye rasta asiachwe. Na ikithibitika inasaidia, waliotoa vichwa vyao waipate, kama Azimio la Helsinki linavyotaka. Tukitoa vichwa halafu mashine ipande ndege, tutakuwa tumeliwa.

Naomba kuwasilisha. Bongo ni zetu, tuzitumie.