Neno la Mhariri: Dereva, Njia na Daftari

Tabia ya dereva ni jumla ya mambo anayoyafanya akiwa ameshika usukani: mwendo anaouchagua, nafasi anayoiacha kati yake na aliye mbele, mzigo anaoukubali, saa anayoanzia safari, na uamuzi anaoufanya anapochoka. Watafiti wa usalama barabarani wameichunguza tabia hiyo kwa zaidi ya nusu karne, na sehemu kubwa ya wanayoyajua waliyapata kwenye barabara za lami zenye alama, taa na askari wa trafiki. Kusini mwa jimbo la Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika teritware za Kasongo na Kabambare, vyombo vinapita kwenye udongo, madaraja ya magogo na mashimo ya potopoto. Hoja inayofungua toleo hili ni kwamba tabia ya motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, au ya dereva wa lori wa huko haieleweki, wala hairekebishiki, ikitafutwa ndani ya nafsi yake peke yake. Njia, deni, mzigo na bariyeri, yaani vizuizi vya njiani, huijenga tabia hiyo kila siku, na vitu hivyo vinastahili kupimwa kwa makini yaleyale anayopimwa nayo dereva.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi hufia katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizo. Afrika ina sehemu ndogo mno ya magari ya dunia, lakini karibu mmoja kati ya kila watano wanaokufa barabarani ni wa bara hili. Umoja wa Mataifa umeutenga muongo wa 2021 hadi 2030 kwa lengo la kupunguza vifo hivyo kwa nusu. Umri unaotajwa katika ripoti ndio umri wa motari wenyewe: vijana wengi wanaobeba abiria kati ya Kasongo, Kabambare na machimbo ya dhahabu ya upande wa Salamabila na Namoya hawajafika miaka thelathini.

Chombo cha utafiti kilichoenea kuliko vyote katika fani hii ni hojaji iliyotungwa Uingereza na James Reason na wenzake, waliochapisha matokeo yake mwaka 1990. Waligawanya matendo ya dereva katika mafungu matatu. La kwanza ni uvunjaji wa makusudi wa kanuni, kama kuendesha kwa kasi kuliko inavyoruhusiwa. La pili ni makosa ya hatari, pale dereva anapokusudia jema akapima vibaya. La tatu ni kupitiwa, kule kusahau kudogo ambako mara nyingi hakumdhuru mtu. Mgawanyo huo ni wa thamani kubwa, kwa sababu kila fungu lina dawa yake. Aliyekosea kupima hufundishwa. Aliyevunja kanuni kwa kusudi anajua tayari, na mafunzo zaidi hayatambadilisha.

Shida ni maswali yenyewe. Hojaji ile humwuliza mtu kama amewahi kusahau mahali alipoegesha gari kwenye uwanja wa maegesho, au kuondoka kwenye taa za barabarani akiwa kwenye gia ya tatu. Motari wa Kasongo hana uwanja wa maegesho wa kusahau wala taa za kuondokea. Maswali yake yangekuwa mengine: je, amewahi kuvuka daraja ambalo gogo moja limeondoka, abiria akiwa bado amekaa nyuma? Je, ameteremka mlima akiwa amezima injini ili kuokoa mafuta? Amebeba mgonjwa usiku bila taa ya mbele? Mtafiti anayeitafsiri hojaji neno kwa neno atarudi na majibu safi yasiyohusu chochote. Tena anayeuliza akiwa amefuatana na mtu mwenye sare au mwenye cheo ataambiwa tu yale ambayo mtu mwenye sare huambiwa.

Kuna fungu la nne, ambalo mgawanyo wa Reason haulipi nafasi ya kutosha, nalo ndilo zito kuliko yote kusini mwa Maniema: kanuni inayovunjwa kwa kulazimika. Motari wengi hawamiliki pikipiki. Hupewa na mwenye chombo kwa sharti la kumletea kiasi maalumu kila jioni, mvua inyeshe au isinyeshe. Fedha ya mafuta na ya kuziba tairi hutoka kwanza, hesabu ya mwenye pikipiki hufuata, na kinachobaki ndicho cha nyumbani. Mtu wa namna hiyo anapopakia abiria wawili na gunia la mchele, anajua fika kwamba pikipiki haikuundwa kwa uzito huo. Anajua pia kwamba abiria mmoja peke yake hafikishi hesabu. Dereva wa lori naye hupandisha watu juu ya mafuta ya mawese na mihogo kwa sababu nauli zao ndizo zinazolipa vizuizi vya njiani.

Vizuizi hivyo vina nafasi yake katika utafiti wa usalama. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilichapisha uchunguzi wake wa bariyeri katika majimbo jirani ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, ikahesabu 798, nyingi zikitoza fedha au mali kwa kila anayepita. Uchunguzi ule ulihusu fedha za watu wenye silaha, lakini unasomeka pia kama maelezo ya mwendo wa madereva. Anayesimamishwa mara kwa mara hupoteza saa, na saa alizopoteza huzifidia kwa kasi au kwa kusafiri gizani. Mwingine huondoka alfajiri mno ili apite kabla kamba ya bariyeri haijafungwa. Ajali ikitokea, ripoti huandika mwendo kasi au usingizi, na bariyeri haitajwi.

Msimu nao hubadilisha tabia. Wakati wa masika utelezi na mashimo hushusha mwendo, na majeraha mengi ni ya kuanguka: kifundo cha mguu, mkono, paja lililochomwa na ekzosi. Kiangazi kinapofika, kuanzia mwezi wa sita hivi, udongo hukauka, njia hufunguka, vumbi huficha anayekuja mbele, na kasi hupanda. Mtafiti Msweden Göran Nilsson alionyesha uhusiano ambao umethibitishwa mara nyingi tangu hapo: wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, ajali za kuua huongezeka kwa karibu asilimia 4. Nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nishati mara nne ya ile inayokwenda 30.

Hapa pana jambo ambalo wapangaji wa barabara hawapendi kulisikia, ingawa lazima lisemwe. Wakazi wa Kasongo na Kabambare wamedai kutengenezewa njia kwa miaka mingi, na dai hilo ni la haki: bila njia mchele hauozi shambani tu, mama mjamzito naye hafiki hospitali. Lakini greda linapopita na kuondoka, mashimo yaliyokuwa yakiwapunguzia watu mwendo huondoka pia. Kijiji kilichozoea pikipiki za mwendo wa baisikeli hujikuta kimekatwa katikati na vyombo vya kilomita 60, na soko na shule bado viko ukingoni. Dawa yake inajulikana na si ghali: matuta ya udongo ulioshindiliwa kabla ya kila soko na shule, njia ya waenda kwa miguu iliyotengwa kwa mfereji, na kantonye, mtunza barabara, wa kuyatunza hayo mvua zikirudi. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 kwa kazi ya matengenezo. Matuta hayo yanastahili kuhesabiwa kama sehemu ya barabara, yaingie katika bajeti siku ileile linapoingia greda.

Kuhusu kaske, yaani kofia ngumu ya pikipiki, ushahidi umekwisha kutosha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikuta kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kilichobaki kuchunguzwa ni bei yake, joto lake, na nani atamnunulia abiria.

Utafiti wa karibu uliopata matokeo makubwa ulifanyika Kenya. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika vibandiko ndani ya matatu, yaani mabasi madogo ya abiria, vikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Matatu zilizopata vibandiko zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na ajali zilihesabiwa kwa madai ya bima. Katika jaribio la kwanza madai yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio la pili, la matatu karibu 12,000, lililochapishwa mwaka 2015, lilionyesha upungufu wa kati ya robo na theluthi. Mafunzo yake ni mazito: bila askari wa ziada na bila barabara mpya, tabia ilibadilika kwa sababu waliokaa nyuma walipewa ruhusa ya kusema.

Kulihamishia jambo hilo Maniema kunahitaji kufikiri upya nani ana sauti. Ndani ya matatu, abiria kumi na wanne wasiojuana hupata nguvu kwa wingi wao. Juu ya mzigo wa lori, abiria yuko mbali na kabini na kelele ya injini humeza maneno yake. Anayemfikia dereva ni konvoyeri, kijana msaidizi wa lori ambaye ajira yake iko mikononi mwa dereva huyohuyo. Nyuma ya pikipiki abiria yuko peke yake, lakini mdomo wake uko sikioni mwa motari, na mara nyingi wanajuana kwa ukoo au kwa mtaa. Mama anayempeleka mtoto kituo cha afya anaweza kumwambia motari apunguze mwendo kwa mamlaka ambayo askari hana, mradi asione aibu na asiwe yeye mwenyewe anayeharakisha. Jaribio la huko lingeanza na akina mama hao na makonvoyeri, na vibandiko vingesubiri.

Madai ya bima, ambayo ndiyo yaliyowawezesha watafiti wa Kenya kuhesabu, hayawezi kutumika mahali ambapo pikipiki nyingi hazina bima. Kasongo ina njia nyingine, nayo ina historia. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, mradi ulioshirikiana na Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp ulijenga hapo mfumo wa vituo vya afya vilivyounganishwa na hospitali ya rufaa, na kila kituo kilitunza kumbukumbu kwa nidhamu. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya timu hiyo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Timu iliwafuatilia watoto baada ya chanjo na kuuliza swali gumu: je, aliyeokolewa na surua anaendelea kuishi, au anakufa baadaye kwa ugonjwa mwingine? Jibu lao lilizua mjadala uliodumu miaka mingi, na tafiti za nchi nyingine zikaja kuonyesha kwamba faida ya chanjo inadumu. Kilichoifanya Kasongo isikike duniani ni daftari lililotunzwa vizuri na ujasiri wa kuuliza kama hatua iliyochukuliwa imeleta kilichokusudiwa.

Daftari hilohilo linaweza kuihudumia barabara. Daktari Mmarekani William Haddon aliifundisha fani hii kuitazama ajali kwa nyakati tatu, kabla, wakati wa tukio na baada, na katika kila wakati kumtazama mtu, chombo na mazingira. Zoni za afya za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila (Salamabila) zinapokea majeruhi kila juma. Muuguzi anayeandika "kuanguka" peke yake anaandika matokeo na kuacha sababu. Akiongeza saa ya tukio, jina la mahali, kama majeruhi alikuwa dereva, abiria au mwenda kwa miguu, idadi ya waliopanda na aina ya mzigo, basi baada ya masika mawili na viangazi viwili ramani itajichora yenyewe: daraja gani linaangusha, mteremko gani unaua, ni saa ngapi za usiku. Muda uliopita kati ya ajali na kufika kituoni uandikwe pia, kwa sababu anayebebwa kwa kipoyi, yaani machela, kutoka bonde la Luama anaweza kupoteza maisha kwa jeraha ambalo karibu na hospitali lisingemuua.

Daftari la kituo lina pengo moja kubwa. Aliyefia papo hapo hapelekwi kwa muuguzi, hurudishwa kwao akazikwe, na aliyevunjika mfupa mara nyingi huanzia kwa mganga wa mifupa. Kwa hiyo hesabu ya mwezi inapaswa kukamilishwa kwa kuwauliza wakuu wa vijiji, maimamu na mapadri waliozika, pamoja na waganga hao, kisha majina yalinganishwe ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili. Matokeo yasomwe kwanza kwenye kituo cha motari, mbele ya wenye pikipiki wanaopokea hesabu ya jioni, kabla hayajapelekwa Kindu, makao makuu ya jimbo.