Mtoto wa mama asiye na ndoa

Ule wimbo wa mkesha wa Noeli, "Stille Nacht", tunaouimba kwa Kiswahili, maneno yake yalitungwa na padre, Joseph Mohr, mwaka 1816. Mwalimu Franz Gruber aliutilia muziki mwaka 1818, ukaimbwa kwa gitaa huko Oberndorf, Austria.

Mohr alizaliwa Salzburg mwaka 1792. Mama yake hakuwa na ndoa. Baba yake, askari, alikuwa ametoroka jeshi. Aliyeandikwa kuwa msimamizi wake wa ubatizo ni mnyongaji wa mji! Mwalimu wa kwaya ya kanisa kuu alikiona kipaji chake, akamsaidia kusoma. Hata hivyo, ili awe padre alihitaji ruhusa maalumu, kwa sababu tu ya alivyozaliwa. Kikwazo hicho kiliondolewa katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Juzi tu.

Naungama. Katika parokia moja nilikuta watoto wa namna hiyo wanabatizwa siku za katikati ya juma, pembeni, bila kwaya. Nikauendeleza utaratibu huo. Siku moja mama mmoja akaniuliza, "Baba, huyu wangu haimbiwi?"

Jumapili iliyofuata nilimwambia aje naye Misa ya kwanza. Hakuja.