Kujitegemea si Kuchimba Tu

Lipo swali lililogeuzwa rungu la kuwapigia watafiti wetu wa sayansi za msingi: "Hiki mnachokitafiti kitamsaidia nini mkulima wa Butiama?" Swali lenyewe si baya. Ubaya ni kwamba wengi wanaoliuliza hawasubiri jibu, na hulivika jina la Mwalimu, kana kwamba aliyelala Mwitongo aliliusia taifa lake lisifikiri zaidi ya jembe.

Nichukue mfano ulio mbali kabisa na jembe. Mwaka 2004 Akira Ohtomo na Harold Hwang walionyesha kwamba oksidi mbili, lanthanamu aluminati na strontiamu titanati, ambazo kila moja peke yake ni kihami, yaani haipitishi umeme, zikiunganishwa kwa ustadi hupitisha umeme pale zinapogusana. Mwaka 2007 watafiti wa Ulaya waliupoza mpaka huo hadi takriban sehemu mbili za kumi za kelvini juu ya sifuri halisi ya joto, na ukinzani wote ukatoweka: umeme ulipita bila kupotea hata chembe. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba hali hiyo inaweza kuwashwa na kuzimwa kwa volteji, kama taa na swichi yake. Mwaka 2021 ikaja habari ya oksidi nyingine, potasiamu tantalati, ambayo mpaka wake hufikia hali hiyo kwenye takriban kelvini 2, mara kumi zaidi ya ile ya kwanza.

"Hayo ni ya Wazungu na Wajapani," atasema mwenye rungu. Nami namuuliza: tantalamu iliyomo katika potasiamu tantalati hupatikana wapi? Sehemu kubwa ya tantalamu ya dunia hutoka kwenye koltani ya maziwa makuu haya haya. Machimbo ya Rubaya pekee, huko Masisi, Kivu Kaskazini, yanakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu yote duniani, na tangu Aprili 2024 yamo mikononi mwa waasi wa M23. Na baridi hiyo kali hupatikanaje? Kwa heliamu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa, nchini mwetu, lina hazina kubwa ya gesi hiyo. Mashine za MRI katika hospitali zetu kubwa hutegemea sumaku za nyaya zisizo na ukinzani, na kwa kawaida nyaya hizo hupozwa kwa heliamu ya kimiminika. Kwa hiyo sayansi hii haiko mbali nasi. Tumo ndani yake tayari, ila tumo kama wachimbaji na wanunuzi. Katikati, mahali maarifa yanapozaliwa na thamani inapoongezeka, hatupo.

Mkoa wa Mara hauhitaji kufundishwa somo hili. Buhemba, katika wilaya hiyo hiyo ya Butiama, dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni. Mashimo tunayo. Maabara ya dhahabu ya kujivunia iko wapi?

Wanaomtaja Mwalimu wairudie Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na kuisoma yote. Ni kweli ilitaka shule zisiwatenge watoto na maisha ya kijijini. Lakini ilitaka pia elimu ijenge akili inayodadisi, yenye uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa au kuyageuza yasiyotufaa. Ataligeuzaje jambo asilolielewa?

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina haki ya kuota maabara za baridi kali. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini sidai fedha za dawa. Nadai kwamba mikataba ya heliamu ya Rukwa iwe na kifungu cha kuwasomesha Watanzania fizikia na uhandisi wa baridi kali, na kifungu cha kutenga kiasi cha gesi kwa ajili ya utafiti wa ndani. Nadai maabara moja tu ya pamoja, itakayotumiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, na chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kinachobeba jina la Mwalimu hapo Butiama. Chuo hicho kisiogope neno la pili katika jina lake.

Watumishi wa umma mnaoandaa mikataba hiyo, kalamu iko mikononi mwenu. Wanafunzi, ulizeni vifungu hivyo vimeandikwa au la. Na mwenye swali lake la mkulima, jibu ni hili: mkulima wa Butiama ana watoto, na hakuna aliyekupa mamlaka ya kuamua kwamba akili zao ziishie kwenye kuchimba.