WAKUBWA WALIPIGANA, KULI AKAFA: JIWE LAKE LIKO WAPI KIGOMA?

Ndugu msomaji, shuka Kibirizi alfajiri ujionee. Mitumbwi ya dagaa imerudi, boti za vijiji vya kaskazini zinapakia, na vijana wenzangu wanakimbia na magunia mgongoni huku maji yamewafika magotini. Siku moja niliwauliza waliokuwa wamepumzika kijiweni: ni nani walipigana vita katika ziwa hili? Wakajibu haraka, Mjerumani na Mwingereza. Nikawaambia, basi nitajieni Mwafrika mmoja aliyekufa katika vita hivyo. Kimya. Mmoja akacheka, akasema, kwani sisi tulikuwepo?

Tulikuwepo bwana! Tena tulikuwepo kuliko wao.

Kila mtu Kigoma anajivunia meli ya Liemba. Kila mgeni tunamsimulia kwamba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha huku kwetu kwa reli iliyofika 1914. Tunasema ilielea 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916 walipokuwa wanakimbia, Waingereza wakaiopoa 1924 na kuirudisha kazini 1927. Habari tamu. Ila kuna kipande tunakiruka. Kabla ya kuitwa Liemba, meli hiyo iliitwa Graf von Götzen. Graf ni cheo cha kikabaila. Na Götzen je, ni nani?

Götzen alikuwa gavana wa Wajerumani katika nchi hii kuanzia 1901 hadi 1906. Hesabu miaka hiyo kwa vidole, utaikuta Maji Maji imo ndani. Chini ya utawala wake askari walichoma mashamba ya kusini, wakachoma na maghala, ili njaa imalize kazi ambayo risasi ilishindwa. Wajerumani walikiri vifo 75,000. Wanahistoria wetu wametaja hadi 300,000. Wanajeshi wa Kizungu waliokufa walikuwa 15 tu! Na mtu huyo ndiye aliyepewa heshima ya kuandikwa ubavuni mwa meli kubwa kuliko zote ziwani kwetu.

Sasa njoo kwenye chanzo, maana hapa ndipo tunapopigwa changa la macho. Kila inapokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, hukosi kumsikia msomi fulani akieleza kwamba wazee wale walidanganywa na mganga, wakadhani risasi zitageuka maji. Basi, kesi imefungwa! Uasi wa nusu ya nchi unakuwa ngano ya ushirikina. Lakini Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 4, 1905, vita vikiwa na siku chache tu. Kama mganga ndiye aliyekuwa chanzo, mbona watu waliendelea kupigana hadi 1907, na wameshaona kwa macho yao kwamba risasi haigeuki maji?

Dawa iliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni, watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja. Hiyo ndiyo kazi yake, na ni kazi kubwa. Lakini hasira haikutoka kwenye dawa. Walipoanza pale Nandete, Umatumbi, Julai 1905, hawakuanza kwa kuua mtu. Walianza kwa kung'oa pamba. Pamba ya lazima, iliyolimwa chini ya kiboko cha akida, kwa malipo ya aibu ambayo mahali pengine watu waliyakataa mkononi. Juu yake kulikuwa na kodi ya nyumba iliyoanza 1898, na asiyekuwa na rupia akailipa kwa mgongo.

Sasa unaelewa kwa nini wakubwa wanaipenda zaidi hadithi ya maji? Hadithi ya pamba na kodi ina maswali ambayo hayakwisha mwaka 1961. Kodi ya kichwa tuliirithi kwa mkoloni, ikafutwa 1969, ikafufuliwa miaka ya 1980 kwa jina zuri la kodi ya maendeleo, na mpaka ilipofutwa tena 2003 mgambo walikuwa wanawakimbiza baba zetu kama Götzen bado yupo Ikulu. Mtu aliyetuma mgambo hawezi kusimama jukwaani akasema wazee waliasi kwa sababu ya kodi. Atasema waliasi kwa sababu ya maji.

Mwaka 1914 Wazungu wakagombana kwao, na ugomvi wakauleta huku. Waingereza walisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa reli kutoka Afrika Kusini, kisha wakazivusha milima ya Mitumba, Kongo, kwa matrekta ya mvuke, maksai na mabega ya watu, hadi ng'ambo yetu hapo panapoitwa Kalemie leo. Desemba 26, 1915 wakaiteka Kingani. Februari 9, 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Kamanda wao Spicer-Simson ameandikiwa vitabu, hadi sketi aliyokuwa akivaa inajulikana! Mamia ya Waafrika waliokata miti na kujenga madaraja ili boti zipite, hata jina la mmoja wao hatulijui.

Na hao ni wachache. Waingereza walikusanya wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki, wengi kwa kukamatwa. Katika hesabu iliyoandikwa, zaidi ya 95,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Wabelgiji na Wajerumani nao walikuwa na wa kwao. Kariakoo mnayokwenda kununua mitumba jina lake ndilo hilo, jeshi la wabebaji.

Wazee husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi methali hiyo hapa naikataa. Nyasi haikukamatwa usiku na kufungwa kamba ili imbebee tembo risasi.

Matokeo? Wabelgiji waliingia Kigoma Julai 1916, wakafika Tabora Septemba 19, na hapa hawakuondoka hadi 1921. Walipoondoka walibaki na Rwanda na Burundi, na kwa mkataba wa 1921 Waingereza wakawapa eneo katika bandari yetu ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, la kudumu milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Mwalimu Nyerere aliyakataa makubaliano hayo tulipopata uhuru. Lakini mpaka ulibaki. Mei 2015 ni Liemba hiyohiyo iliyokwenda Kagunga kuwachukua wakimbizi wa Burundi waliokwama ufukweni, watu ambao babu zao na babu zetu walikuwa chini ya serikali moja mpaka 1921.

Novemba 1, 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa Maji Maji. Sawa, tumesikia. Lakini msamaha hauna risiti. Serikali yetu inadai nini, inadai kwa niaba ya nani, na mazungumzo hayo wananchi tutayasikia lini? Mafuvu yaliyopelekwa Ulaya yatarudi kwa tarehe gani? Haya ni maswali ya mwenye mali, si ya mchochezi.

Na sisi wa Kigoma tuna letu. Pale Ujiji kuna mnara wa Livingstone, kwa sababu mwaka 1871 Stanley alimkuta chini ya mwembe wakasalimiana. Salamu tu, na mnara umejengwa! Nimezunguka Kibirizi, Mwanga, Bangwe na Ujiji yenyewe, sijaona jiwe la mpagazi. Waheshimiwa madiwani, tunaomba kiwanja kidogo tu, hatua tano kwa tano, ufukweni ambako makuli wa leo wanaweza kusoma wakiwa na gunia mgongoni. Mkisema halmashauri haina fungu, semeni hivyo kwenye kikao cha wazi. Saruji vijana wa Kibirizi tutachangishana.