Sahani Isitupwe Kabla Haijasomwa

Anayetoka Sumbawanga mjini kwenda Ilemba huiacha baridi ya Ufipa mgongoni, akateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kulikuta joto la bonde la Ziwa Rukwa. Joto hilo ni adui wa muziki wa zamani. Sahani ya santuri ikisahauliwa juani mchana mmoja hujikunja kama chapati, na sindano ikipita juu yake wimbo unayumba hadi mwisho.

Kwa hiyo mwenye sanduku la sahani Ilemba anayetaka kuzihamishia kwenye CD hana kosa. Sindano ni za kutafuta kwa tochi, mkanda wa mpira unaozungusha mashine umelegea, na vijana nyumbani wanataka kitu kinachoingia kwenye deki au sabufa bila matata. CD ichukue kazi ya kusikilizwa. Lakini sahani ibaki. Isiuzwe kwa bei ya plastiki chakavu, wala isigeuzwe kifuniko cha mtungi.

Sababu ya kwanza iko kwenye sahani yenyewe. Sahani ndogo ya inchi 7, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, ina karatasi ya duara katikati, pana kama kiganja. Hapo huandikwa jina la wimbo, jina la mtunzi, bendi, kampuni iliyoitoa na namba yake. Ukiinamisha sahani kwenye mwanga, kati ya karatasi na mahali mifereji inapokomea, utaona herufi na namba nyingine zilizochongwa kwenye plastiki, nyembamba kama mkwaruzo wa kucha. Hizo ni alama za kiwandani. Mtafiti anayezijua anaweza kuzitumia kufuatilia sahani ilikotolewa.

Na kiwanda hicho hakikuwa Dar es Salaam. Bendi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania, nyimbo zikabaki kwenye tepu za redio. Aliyetaka sahani alielekea Nairobi, kwenye kampuni za kurekodi na mitambo ya kuchapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, safari hizo zikawa ngumu hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Sahani ya bendi kama Morogoro Jazz au Super Volcano ikionekana leo katika nyumba ya Rukwa, karatasi yake ya katikati ni ushahidi wa safari ile yote: mwanamuziki wa Morogoro, kampuni ya Nairobi, msikilizaji wa bondeni.

Halafu kuna suala la pande mbili. Upande mmoja wa sahani ya inchi 7 hubeba dakika chache tu, na muziki wa dansi haukubali kubanwa. Nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza waimbaji wanasimulia kisa. Upande wa pili magitaa ya solo na rizimu yanachanganya, tarumbeta zinajibu, na ukumbi unasimama kucheza. Msikilizaji aliinuka, akageuza sahani, akarudi kukaa. Anayenakili kwa haraka huishia upande wa kwanza. Hivyo kuna watu wanaozijua nyimbo hizi kwa maneno tu, na hawajawahi kusikia pale wapiga gitaa walipoonyesha kazi.

CD yenyewe ilianza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982, na ilisifiwa kama kitu kisichochakaa. Sifa hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa mwanga wa leza hausugui kitu. Lakini CD inayotoka kiwandani ni tofauti na ile inayochomwa kwenye kompyuta ya kibandani. Ya kiwandani ina mashimo madogo yaliyogandamizwa kwenye plastiki. Ya kuchoma hutunza sauti kwenye tabaka la rangi ya kemikali, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto. Isitoshe, watu huulinda sana upande unaong'aa huku wakiusahau ule wa juu. Tabaka linalorudisha mwanga limelala karibu kabisa na upande wa juu, chini ya vanishi nyembamba. Anayeandika jina la wimbo hapo kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu anaweza kuukwaruza muziki kwa mkono wake mwenyewe.

CD ikifa, hufa ghafla. Sahani yenye mikwaruzo huimba kwa kukoroma, lakini huimba. CD iliyoharibika huzunguka, deki ikaitafuta, kisha ikanyamaza.

Tena CD za kuchoma huwa hazina maelezo. Juu huandikwa "Zilipendwa", labda na namba, basi. Ndani nyimbo zimepewa majina ya kubuni au namba tupu, na bendi tatu tofauti zimegeuka kuwa moja. Hili si jambo dogo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kufariki. Mbaraka Mwinshehe, nyota wa Morogoro Jazz na Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa kazi zake unafika 2029. Wako watunzi wasio na umaarufu wake ambao karatasi ya katikati ya sahani huenda ikawa mahali pekee jina lao lilipowahi kuchapwa. Sahani hizo zikitupwa, warithi wataonyesha nini wakidai mirabaha?

Kuhamisha vizuri kunawezekana, na mfano upo. Kuanzia mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa mfululizo wa CD uitwao Zanzibara, chini ya usimamizi wa mtafiti Werner Graebner, wenye taarabu ya visiwani na muziki wa dansi wa bara. Kila CD ina kijitabu chenye majina, picha na historia. Kazi hiyo inastahili heshima. Inauma tu kwamba vijitabu vyake ni vya Kifaransa na Kiingereza, na kwamba CD hizo ni rahisi kuzipata Paris kuliko Sumbawanga.

Hazina ya tepu za Radio Tanzania, ambayo leo iko mikononi mwa shirika la utangazaji la TBC, ni kubwa na inahitaji fedha na wataalamu. Wananchi wa Ilemba hawawezi kuibeba. Sanduku la nyumbani wanaliweza. Maktaba za mikoa nazo zingeweza kupokea picha za karatasi hizo na nakala za sauti, kila moja ikiwa na jina la mji au kijiji ilikotoka, ili ijulikane watu wa Rukwa walikuwa wakisikiliza nini.

Kazi inaanza na simu. Piga picha karatasi ya upande wa kwanza, kisha ya upande wa pili, kabla sahani haijaguswa na sindano. Nakili pande zote mbili. Weka nakala moja kwenye CD na nyingine kwenye flashi, zitunzwe nyumba mbili tofauti. Majina yaandikwe kwenye karatasi ya jalada, si juu ya CD. Sahani zirudi kwenye boksi zikiwa zimesimama wima kama vitabu, chumba cha ndani, mbali na dirisha na mabati.